Miguu Mitatu ya Bombomu

Aliyelikosa gazeti la Jumamosi iliyopita asihangaike kuliazima kwa jirani, maana jirani keshafungia sukari. Nitampitisha kwa mkato.

Mimi ni Leonia. Mwaka ninaousimulia ulikuwa wa pili tangu Wabelgiji watuachie Waingereza hapa Tabora, nami nilikuwa mke mpya wa Kasimiri, askari kijana aliyerudi vitani na medali ya fedha yenye kichwa cha Mfalme. Kwa medali hiyo alipata kazi ya utarishi bomani, akapata chumba Kanyenye na, nisifiche, akanipata mimi. Baba yake, mzee Lugembe, mpagazi wa zamani wa njia ya pwani, akafariki siku ya Alhamisi. Niliwaacha Ijumaa asubuhi, pembeni mwa shamba lake, mwili umeletwa, Padre amefungua kitabu, na ndani ya kaburi tumekuta mtu.

Mtu mwenyewe alikuwa hai. Alikuwa amekaa kitako ananusa ugoro.

"Mbona mmechelewa?" akauliza. "Nimeshaanza kupazoea."

Alikuwa Swaumu, Mzaramo, muuza vitumbua wa mtaa wa Ng'ambo, mtani wetu. Kwao mwanamke haendi makaburini. Lakini mtani akiwa msibani si mwanamke wala mwanamume, si Mwislamu wala Mkristo. Ni mtani, basi.

Nyinyi vijana utani mnaujua wa mdomoni tu. Sisi tuliujua wa vitendo. Wapagazi wa Kinyamwezi walipita nchi ya Wazaramo miaka na miaka na pembe za ndovu mabegani. Wakapigana nao, wakapatana nao, wakazikana. Tangu hapo mtani akija msibani anachukua anachotaka, anamwigiza marehemu, anawatukana wafiwa, na hakuna wa kumgusa. Ukimvuta mtani kwa nguvu, msiba unakurudia kabla ya arobaini. Anatoka kwa kukombolewa, na kikombozi anakitaja yeye.

Swaumu alikuwa amevaa koti refu la marehemu na kofia yake ya ukindu. Na kifuani, juu ya koti, ilining'inia medali ya mume wangu.

Hapa nikiri. Swaumu hakuiiba medali ile. Nilimtuma mimi.

Msinilaumu kabla hamjaishi na medali. Kila asubuhi niisugue kwa majivu na ndimu. Mchana kutwa aivae. Akienda chooni aivae. Jioni aitundike kwenye msumari wake juu ya kitanda, Mfalme akitutazama, na mwenye kuona haya ni mimi peke yangu. Nikimletea ugali lazima nisimame wima kwanza mpaka aseme, "Legeza." Ugali unapoa nimekauka kama nguzo.

Na jambo moja lilinikera kuliko yote. Siku nilipomwuliza, "Bwana, hasa uliipataje?" akajibu, "Nilimteka adui peke yangu, na bunduki yake ya bombomu," akageukia ukutani akakoroma. Bombomu ndiyo ile bunduki inayotema risasi kama mvua ya mawe. Mtu hodari wa kujisifu kama yeye, akifika hapo tu usingizi unamshika.

Basi Alhamisi nilipopeleka habari ya msiba Ng'ambo, nikamwongezea Swaumu neno moja. "Mtani, ukija, mnyang'anye ile medali. Mkaushe siku moja tu. Leo anakesha kwa mzee, ameiacha msumarini."

Sikujua kwamba nilikuwa nikitia mkono kwenye mzinga wenye nyuki.

Kwanza, Bwana Shauri, yule Mwingereza mkuu wa boma, alikuja mazikoni. Alikuwa kijana, mgeni, pua imebabuka kwa jua. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa karatasi. Alikuja kumheshimu baba wa shujaa, na mfukoni alikuwa na barua ya kumpandisha Kasimiri kuwa mkuu wa matarishi, pamoja na nyumba ya bati Gongoni, kuanzia Jumatatu. Tena alikuwa amefaulu mtihani wa Kiswahili wa serikali, jambo ambalo siku ile tulilijutia sote.

Pili, upande wa pili wa shimo alisimama Kornel.

Kornel ni kaka yake Kasimiri, baba mmoja, mama mmoja. Watu huiita ile vita ya Mjerumani na Mwingereza. Kwetu ilikuwa vita ya tumbo moja. Ilipoingia, Kasimiri alikuwa Mwanza anapakia marobota ya pamba, ana miaka kumi na saba, Mwingereza akamchukua. Kornel alikuwa hapa Tabora, Mjerumani akamchukua. Hakuna aliyeulizwa anampenda nani. Na tangu hapo, miaka saba, hawakusemezana ila kwa kupitia kwa mama yao. "Mayo, mwambie mwanao anipishe mlangoni." "Mayo, mwambie mwanao mlango ni mpana."

Padre alikuwa wa kwanza kumkabili Swaumu. Padre wetu alikuwa mzee wa ndevu hadi kifuani, kanzu nyeupe, ndara za ngozi, na uongo ulimwuma kama jino. Jumapili iliyotangulia alikuwa amehubiri juu ya uongo mpaka watoto wawili wakazimia.

"Mama, toka. Hapa ni mahali patakatifu."

"Ndiyo sababu nimehamia, Padre. Kwangu kunavuja."

Watu wakaficha vinywa. Swaumu akainuka, akaegemeza mkono begani kama aliyebeba pembe, akakohoa kikohozi cha mzee Lugembe, mara tatu kisha kutema.

"Eustadia," akaita kwa sauti ya marehemu. "Ugali uko wapi? Natoka Bagamoyo kwa miguu, wewe umekaa unasuka nywele."

Eustadia ndiye mama mkwe wangu. Alicheka akilia, akajifuta yote kwa kiganja kimoja.

Ndipo Kasimiri alipoiona medali. Akapapasa kifua chake kama mtu aliyetafuta moyo akaukosa.

"Mtani, hiyo ni mali ya serikali."

"Na mimi ni mali ya shimo."

"Taja unachotaka. Nitakupa kuku."

"Kuku wako nimemwona. Yeye ndiye wa kupewa chakula." Akaishika medali, akaigeuzageuza. "Huyu mzungu wa fedha nimekaa naye tangu jua halijachomoza, hanisemeshi. Nataka uniambie wewe ulivyompata, mwanzo hadi mwisho, baba yako akisikia. Ukimaliza, natoka. Ukidanganya mbele ya maiti ya baba yako, yatakuwa yako na yeye."

Hilo sikumtuma. Nakiri la kwangu, la Swaumu ni la Swaumu.

Kasimiri akasogea karibu na shimo. Akainama ukingoni akaanza kusema Kinyamwezi, haraka, chini chini, kama mtu anayesoma dua.

"Aa-aa," Swaumu akamkata. "Mimi na marehemu tulielewana kwa Kiswahili. Sema maneno yanayofika huku chini."

Kasimiri akamtazama Bwana Shauri. Bwana Shauri akaitikia kwa kichwa, kwa upole, kama mwalimu anayemtia moyo mtoto. Maskini, naye alitaka kuusikia ushujaa.

Nikaona mume wangu anageuka kutafuta njia ya kutokea, nami sikujua kwa nini. Kama ni ushujaa, si auseme? Nikaanza kutafuta wa kumwambia Swaumu aache, nikakumbuka aliyemtuma.

Tukangoja. Mwili ulikuwa juu ya mkeka, umefunikwa blanketi, na kivuli kilikuwa kimeshauacha.

"Kasimiri," mama mkwe akasema. "Baba yako yuko juani."

Hapo ndipo alipofungua kinywa.

"Ilikuwa njia ya Nzega, karibu na Ndala. Mjerumani anarudi nyuma, sisi tunamfuata. Nilitumwa mbele peke yangu kupeleleza. Nilikuwa na bunduki, na fimbo."

"Fimbo ya nini?" Swaumu akauliza.

"Ya kufungia shati."

"Shati la namna gani?"

"Jeupe."

Wazee wakasogea karibu.

"Nilikuwa nakwenda kujisalimisha," Kasimiri akasema. "Mama alikuwa Tabora, na Tabora ilikuwa ya Mjerumani. Nikajisemea, Mjerumani akiniteka atanipeleka Tabora. Nitamwona mama, na nauli hailipwi."

Bwana Shauri alikuwa ameshika kofia mkononi. Akaivaa. "Endelea," akasema.

"Nikaona kitambaa cheupe kinakuja juu ya mtama. Nikatupa bunduki, nikainua mikono. Yule aliyekuja, naye akainua mikono. Tukasimama hivyo. Kila mmoja anangoja kutekwa."

"Nani huyo?" Swaumu akauliza.

Jibu lilitoka ng'ambo ya kaburi.

"Mimi," akasema Kornel.

Mama mkwe akakaa chini palepale alipokuwa.

"Wewe nawe ulikuwa unakwenda wapi na kitambaa?" Swaumu akamgeukia.

"Kujisalimisha kwa Mwingereza. Siku ya nne tunakula mtama wenye fukusi, kikombe kimoja watu wawili. Namwona adui, moyo unafurahi, nainua uso, nakuta ni huyu."

"Nikamwambia, kaka, niteke," Kasimiri akasema.

"Nikamwambia, nikuteke nikupeleke wapi, na mimi mwenyewe nimetoroka? Tena mimi ndiye mkubwa. Mdogo hatangulii kujisalimisha kaka yake amesimama."

"Hapo ana haki," akasema mzee mmoja nyuma yangu, na wazee wengine wakakubali. Mambo mengine yanaharibika duniani, lakini mkubwa ni mkubwa.

"Tukabishana mpaka jua likageuka," Kasimiri akaendelea. "Mikono inauma. Nikatoa matobolwa mfukoni."

Matobolwa ni viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa. Mnyamwezi hupitisha nayo mwaka wa njaa, na kumbe hata vita.

"Kaka akala. Alipokuwa anatafuna akaniuliza, kwenu mnapewa nini? Nikasema wali na nyama ya kopo. Akauliza, kila siku? Nikasema kila siku, na Jumapili chai. Akashusha mikono, akasema, basi, umeniteka."

Sikumbuki nani alianza kucheka. Nadhani ni marehemu. Kilichotoka kaburini kilikuwa kicheko chake kabisa, kile cha kukwama na kukohoa. Wafiwa wakashikana mabega. Mama mkwe alicheka mpaka kilemba kikamfunguka.

Bwana Shauri hakucheka. "Na bombomu?" akauliza. "Karatasi inasema uliteka bombomu."

Kasimiri akatazama chini. Kornel ndiye aliyejibu.

"Bombomu yenyewe ilibaki kwa Mjerumani, Bwana. Ile bunduki ina miguu mitatu ya chuma, na mimi ndiye niliyekuwa mbebaji wa miguu. Nilikuwa nayo begani."

"Ulitoroka na miguu ya bunduki? Kwa nini?"

"Nilisahau kuitua."

"Umbali gani?"

"Tangu alfajiri."

Bwana Shauri akamkazia macho akitafuta mzaha, asiuone. Haukuwepo. Kila Mnyamwezi pale alijua. Mzee Lugembe aliwalea wanawe kwa fimbo na neno moja: mzigo hautuliwi njiani, mzigo hutuliwa kambini. Kornel alitoroka jeshi, akatoroka bendera, akatoroka kiapo, lakini mzigo hakuutoroka. Haukumjia hata akilini.

"Bila miguu ile bombomu haikai," Kasimiri akasema. "Kesho yake Mjerumani akaiegemeza kwenye kichuguu, ikapiga mawingu. Sisi tukapita. Ndipo waliponivisha medali. Nilitaka kueleza. Kila nikifungua mdomo wananipa sigara."

"Na mimi je?" Kornel akasema. Hakumwambia mama yake. Alimwambia Kasimiri mwenyewe, usoni. "Wewe umevishwa medali. Mimi nikatwishwa miguu ile ile, njia ile ile, kurudi nilikotoka. Kisha miezi minane kizuizini. Huo wali nimeula siku mbili."

"Niliwaambia huyu ni kaka yangu. Afisa akasema kila Mnyamwezi hapa anamwita mwenzake kaka. Nikaogopa, nikanyamaza."

"Ungeniletea hata kopo moja."

"Nilileta. Mlinzi akalila mbele yangu."

Kornel akainua uso. "La nyama?"

"La nyama."

"Yule mwenye makengeza?"

"Huyo huyo."

"Mbwa yule," akasema Kornel. Nikaona mabega yake yanashuka, kama ya mtu aliyefika kambini.

Sasa Padre akajongea, kidole kimebana ukurasa. "Kornel. Hicho kitambaa cheupe, ulikitoa wapi?"

Kornel akaanza kukagua vidole vya miguu yake.

"Ndala, Padre."

"Ndala sehemu gani?"

"Kanisani."

"Cha altare," akasema Padre polepole, maana kanisa la Ndala nalo lilikuwa chini yake.

"Kilikuwa kimeanikwa, Padre. Sikukitoa juu."

"Miaka saba nakitafuta. Nilimshuku Josepha, mfuaji wetu. Kila Krismasi namtazama vibaya, na kila Krismasi ananiletea yai."

Padre akainua uso mbinguni, na ndevu zake zikatikisika. Mpaka leo sijui kama ilikuwa hasira au ni jambo jingine linalotikisa ndevu.

"Nimekombolewa," Swaumu akatangaza. "Nivuteni, mifupa imelala."

Mimi, mkwe, ndiye niliyekuwa karibu. Nikampa mkono, na alipopanda nikasikia kitu cha baridi kinaingia kiganjani.

"Shika mzigo wako," akaninong'oneza. "Mimi kazi yangu imekwisha."

Nikakifunga upesi kwenye pindo la kanga, nikaketi na wanawake wenzangu kama asiyeijua hata rangi ya fedha.

Tukamzika mzee Lugembe. Kasimiri alishika kichwani, Kornel miguuni. "Shusha taratibu," Kornel akasema. "Nashusha," Kasimiri akajibu. Ni maneno mawili tu, lakini mama mkwe aliyasikia, maana hakuna aliyemtuma kuyapeleka.

Udongo ulipokwisha kusawazishwa, Bwana Shauri akasogea. Akaitoa ile barua ya Jumatatu mfukoni, akaikunja mara mbili, akairudisha. Nyumba ya bati ikaondoka hivyo, bila kelele.

"Poleni sana," akasema. "Sasa naitaka medali. Ni mali ya Mfalme, na imetolewa kwa jambo ambalo halikutokea. Nikirudi nayo leo, nitaandika kwamba imerudishwa kwa hiari, na mtu huyu atakosa kazi tu. Nisiporudi nayo, ni kesi ya kumdanganya Mfalme. Atafungwa."

Kanga ilinichoma pajani. Nikaanza kuinua mkono. Kazi itakwenda, nyumba itakwenda, lakini mume atabaki, na nitakula ugali wa moto. Nilikuwa radhi.

Mama mkwe akanitangulia.

"Medali nimempa mwenyewe," akasema.

"Mwenyewe nani?"

"Aliyewafundisha kutotua mzigo." Alikuwa bado amekaa chini, anafunga kilemba upya. "Mume wangu amebeba pembe za ndovu kutoka hapa hadi Bagamoyo mara kumi na moja. Pembe za watu. Amerudi na kovu begani na kikohozi. Mwarabu hakumtundika kitu, Mjerumani hakumtundika kitu, Mbelgiji hakumtundika kitu. Wanawe wamepewa medali kwa kuwa mmoja wao alisahau kutua mzigo. Basi ni ya nani? Nimemwekea kifuani, chini ya blanketi. Ukiitaka, Bwana, muombe."

Aliposema hayo alinitazama. Jicho lake moja likafumba. Nikajiuliza kama ni vumbi.

Halikuwa vumbi. Alikuwa ameona mkono wa Swaumu na mkono wangu. Mama mkwe wangu alikuwa anaidanganya serikali mchana kweupe, mbele ya msalaba, na ufunguo wa uongo wake ulikuwa kwenye pindo langu.

Bwana Shauri akawa mwekundu kuanzia shingoni. Nadhani hakupenda alilolifanya, lakini karatasi ilikuwa imeshamshika. Akawageukia askari wake wawili wa bomani.

"Chukueni majembe."

Watu wakavuta pumzi kwa pamoja. Kumfukua mtu ambaye hata chakula cha msiba wake hakijaiva. Askari mmoja, mtoto wa kwetu wa Nzega, alilishika jembe kama nyoka.

Kasimiri akapanda juu ya kaburi, akasimama wima, kama alivyokuwa akinisimamisha mimi na ugali. Kornel akapanda upande wake. Bega kwa bega. Miaka saba baada ya Ndala, ndugu hawa walikuwa kwa mara ya kwanza jeshi moja.

"Bwana," Kasimiri akasema, "mtaanza kwa kutuchimba sisi."

"Kumzuia askari wa serikali ni kifungo," Bwana Shauri akasema. "Kwenu wote wawili. Nahesabu hadi tatu."

Wasomaji wangu, hesabuni na nyinyi. Nikitoa medali, mama mkwe ni mwongo mbele ya serikali na mbele ya kaburi la mumewe. Nisipoitoa, mzee anafukuliwa, haikutwi kitu, mama bado ni mwongo, na wanawe wote wawili wanakwenda jela. Yote kwa sababu bibi mmoja mjanja alichoka kusugua.

"Moja," akasema Bwana Shauri.

Swaumu akaniangalia. Mama mkwe akaniangalia.

"Mbili."

Nikainuka ghafla.

Fundo la haraka ni fundo la aibu. Pindo likafunguka. Medali ikaanguka kwenye udongo ule mgumu, ikasimama kwa ubavu wake, ikabingirika. Ikapita kando ya jembe. Ikazunguka mara moja, ikalala hatua moja nyuma ya kiatu cha Bwana Shauri, Mfalme akitazama juu.

Yeye alikuwa amewaelekea wale ndugu. Alisikia mlio. Akaanza kugeuka.

Kabla hajamaliza kugeuka, mguu ukaifunika.

Haukuwa wa Swaumu, ingawa nilimtegemea. Haukuwa wa Mnyamwezi yeyote. Ulikuwa na ndara ya ngozi, na juu yake pindo la kanzu nyeupe.

"Kuna kitu kimeanguka," Bwana Shauri akasema. Akatuangalia mmoja mmoja, akaona hatuna faida, akamwangalia mtu pekee pale ambaye neno lake lingeandikwa bila kuulizwa mara ya pili. "Padre, umeona?"

Padre akakifunga kitabu. Akamtazama Kornel, mwizi wa kitambaa. Akamtazama mama mkwe mavumbini. Akanitazama mimi, pindo limelegea, kinywa wazi.

"Nimeona," akasema Padre, na mguu hakuuinua.